Kidole Chini ya Chuma

Orinbasar, ondoa hicho kidole.
Unakiinua chuma changu kidogo,
kwa upole, kama mtu anayeshika kidevu cha mtoto,
na mshale wa mizani yako unarudi nyuma
kutoka thelathini na nne hadi thelathini na moja.
Njia ya mwongo fupi.
Yako ni urefu wa ukucha.

Nilifundisha fizikia miaka ishirini na tisa
katika shule ile ya bomba linalovuja.
Wewe ulikaa safu ya tatu, dirishani,
ukichonga jina la Raushan kwenye dawati,
ndiyo maana hukusikia siku niliposema
kwamba uzito si mali ya kitu.
Uzito ni mkono.
Ardhi inakivuta kitu kwake
kama mama amvutavyo mtoto kwa ukosi wa shati,
na si kila sayari ina mkono wenye nguvu sawa.

Kipande hiki kilidondoka Jumanne usiku,
kilometa arobaini kaskazini mwa Jezkazgan.
Tumekikokota kwa sleji, mimi na mjukuu wangu Kuanish,
juu ya theluji iliyoganda kama sahani.
Kingali kinanuka roketi.
Huko juu, pasipo hewa, kwa dakika chache
hakikuwa na uzito hata wa unyoya:
kinachoanguka hakijui uzito
mpaka kigonge.

Kipeleke mwezini, ukitundike kwenye springi hiyohiyo,
itasoma kilo tano na nusu na kijiko juu yake.
Mirihi, kumi na tatu.
Mshtarii, themanini na sita,
ila kule hakuna pa kusimama na kulabu,
ni mawingu juu ya mawingu.
Lakini mizani ya mama yangu, ile ya vitanga viwili
na mawe ya chuma yaliyopigwa mhuri,
ingesema thelathini na nne popote pale,
maana mwezini jiwe nalo ni jepesi,
wepesi kwa wepesi, vitanga vikatazamana.
Hilo ndilo tungamo, Orinbasar.
Mwezi hauwezi kuliiba.
Wala wewe.

Toktar alikuwa kilo themanini na mbili tulipooana.
Aliipenda hesabu hii. Jioni, akivunja jibini kavu kwa meno,
aliniuliza: Na Mirihi leo ningekuwa ngapi?
Thelathini na moja, nikamjibu,
ungeruka zizi la farasi bila kukunja suruali.
Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Februari nilimbeba peke yangu
kutoka kitandani hadi kiti cha karibu na jiko.
Arobaini na nne.
Mikono yangu ilijua kabla ya mizani ya zahanati.
Akauliza tena, kwa sauti iliyosalia:
Mirihi je?
Nikafungua mdomo. Hesabu nilikuwa nayo.
Sikuweza kuitoa.
Ardhi haikuwa imebadilika,
ilimvuta vilevile, kwa mkono uleule wa siku zote.
Ni tungamo lenyewe lililokuwa likiondoka,
gramu baada ya gramu,
na katika sayari zote nilizochora kwa chaki
sikujua hata moja ambako lingerudi.

Basi usinichezee kwa kilo tatu.
Kilo tatu nazijua.
Ni wiki ya kwanza ya Januari.

Tundika tena.
Mikono mfukoni, yote miwili.
Ngoja mshale uache kutetemeka.
Haya, soma kwa sauti,
kama darasani.